Kwa nini Ulaya iliita kazi kwa jina la maumivu

Mama akikaribia kujifungua katika hospitali za Tanzania na Kenya hupelekwa leba. "Yuko leba," ndugu huambiana kwa simu, na hakuna anayehitaji maelezo zaidi. Neno hilo tumelipata kwa Kiingereza, na huko Uingereza lina sura mbili: "labour" ni utungu wa uzazi, na "labour" hiyohiyo ni kazi, hata ikawa jina la chama kikubwa cha siasa. Vuka mlango wa bahari uingie Ufaransa, utakuta neno jingine kabisa lakini mambo ni yaleyale. "Travail" ni kazi, iwe ya ofisini au ya shambani, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu husemwa yuko "en travail".

Maneno haya mawili hayana undugu. Kila moja lilipita njia yake, kisha yakakutana palepale, kwenye kazi na maumivu. Jambo kama hilo likitokea mara moja unaweza kusema ni sadfa. Lakini ukiendelea mashariki, kwa Wajerumani, Warusi, Wahungaria, Waromania, hadi kwa Wagiriki, unakuta neno la kila siku la kazi limetoka mahali penye machozi: kuyumba chini ya mzigo, kuteswa, uyatima, utumwa. Pembeni yake upo ukoo mwingine wa maneno, unaoitazama kazi kwa upande wa kile kilichotengenezwa, na huo ulibaki zaidi kwa mafundi, wasanii na makasisi. Nani aliachiwa neno gani: hapo ndipo penye historia.

Kwa Warumi, "labor" ilikuwa taabu kwanza, kazi baadaye. Wanaisimu wengi huihusisha na kitenzi "labare", kuyumba, kama anavyoyumba mtu aliyebebeshwa gunia linalozidi nguvu zake. Mrumi aliyesemwa "laborat" kwa maradhi fulani alikuwa anaumwa maradhi hayo. Washairi wao waliita kupatwa kwa jua na mwezi "labores", yaani taabu zinazoipata mianga hiyo ya angani. Baadaye neno likatawanyika. Kwa Kiitaliano likawa "lavoro", neno la kawaida la kazi, na Katiba ya Italia iliyoanza kutumika mwaka 1948 inatangaza katika ibara ya kwanza kwamba nchi hiyo ni jamhuri ya kidemokrasia iliyojengwa juu ya "lavoro". Neno la kuyumba likafanywa msingi wa dola. Kwa Kihispania "labrar" na kwa Kifaransa "labourer" likabanwa hadi likawa kulima, kwa maana mkulima ndiye aliyekuwa ameinama kutwa. Waingereza walilipokea kutoka Kifaransa cha watawala wao Wanormani, na kuanzia karne ya 16 wakalitumia kwa utungu wa uzazi. Wakati huo viwanda vikubwa havijazaliwa bado. Hivyo uzazi haukuazima neno la kiwandani. Maumivu yalikuwa ndani ya neno lenyewe tangu Roma.

"Travail" ina kisa kinachopendwa sana, na ndiyo maana kinahitaji uangalifu. Kisa kinasema hivi. Katika Kilatini cha mwisho kulikuwa na "tripalium", chombo cha miti mitatu, kutoka "tres", tatu, na "palus", mti uliochongwa. Mtaguso wa kanisa uliofanyika Auxerre, Ufaransa ya leo, mwishoni mwa karne ya 6, uliwakataza mapadre na mashemasi kusimama kwenye "trepalium" ambako wahalifu walikuwa wakiteswa. Chombo cha namna hiyo kilitumika pia kumfunga farasi au ng'ombe mkorofi ili apigwe viatu vya chuma, na mhunzi wa Kifaransa bado anakiita kiunzi hicho "travail". Kwa hiyo, kisa kinahitimisha, "travail" ya Kifaransa, "trabajo" ya Kihispania na "trabalho" ya Kireno zote zinamaanisha mateso ya miti mitatu, na mfanyakazi ni mtu aliyefungwa kwenye chombo hicho.

Kamusi nyingi zinaunga mkono asili hiyo. Hata hivyo wapo wanaisimu wanaoipinga, wakisema safari ya neno kutoka kwenye chombo cha mateso hadi kwenye kazi haionekani hatua kwa hatua katika maandishi, na baadhi yao hupendelea kulihusisha na "trabs", boriti, au na kiambishi cha Kilatini chenye maana ya kuvuka na kupita katikati ya kizuizi. Mimi naona hoja yao ina uzito. Ninachosikitikia zaidi ni namna kisa cha miti mitatu kinavyotumiwa: mtu anakitaja kwenye hotuba, watu wanashangilia, na inaonekana kana kwamba asili ya neno imethibitisha kwamba kazi ni uovu. Asili ya neno haina uwezo huo. Tena hoja yenyewe haihitaji chombo cha mateso, kwa sababu maandishi ya karne ya 12 yapo na yanajieleza. Humo "travailler" ni kuumia, kusumbuka, kuchoka na kuchosha. Kufanya kazi kulikuwa na neno lake jingine, "ouvrer", na lilichukua hadi kuelekea karne ya 16 kwa "travailler" kulisukuma nje.

Waingereza walilichukua neno hilo la Kifaransa likiwa bado na uchungu wake, nalo likazaa watoto wawili. Mmoja ni "travail", neno la kishairi la mateso na utungu. Wa pili ni "travel", safari. Anayeshangaa afikirie barabara za Ulaya ya karne ya 14: tope, mito isiyo na madaraja, wanyang'anyi msituni. Kusafiri kulikuwa kutaabika, na lugha ikatumia neno moja kwa yote mawili.

Mashariki mwa bara hakuna haja ya kubishana juu ya miti mitatu. Wahungaria huita kazi "munka", na Waromania huiita "muncă". Maneno yote mawili yametoka kwa majirani zao Waslavi, katika neno lenye maana ya mateso, ambalo Kirusi bado kinalo: "muka", mkazo ukiwekwa kwenye silabi ya kwanza. Katika Kiromania cha zamani "muncă" ilimaanisha mateso waziwazi. Hungaria na Romania ni nchi mbili zenye lugha zisizo na nasaba moja, na zote mbili ziliazima neno la mateso kutoka kwa jirani, zikalifanya jina la shughuli ya kila asubuhi.

Neno ninaloona lina historia nzito kuliko yote ni lile la Kijerumani, "Arbeit". Wengi tunalijua kama neno la nidhamu, viwanda na uhandisi. Lakini katika Kigothi, lugha ya kale iliyo karibu na Kijerumani, ambayo Biblia ilitafsiriwa kwayo na Askofu Wulfila katika karne ya 4, ndugu yake "arbaiþs" ni taabu na dhiki. Katika mashairi ya mashujaa ya Wajerumani ya miaka ya 1200, "arebeit" ya shujaa ni masaibu yaliyompata. Martin Luther alipotafsiri Zaburi ya 90 aliandika kwamba maisha ya mwanadamu ni "Mühe und Arbeit". Biblia yetu ya Kiswahili, katika aya hiyohiyo ya kumi, inasema "taabu na ubatili", na Kiebrania kinakubaliana nasi: ni huzuni tupu, hakuna sifa ndani yake. Vizazi vya baadaye vya Wajerumani, ambao kwao "Arbeit" ilikwisha kuwa kazi ya heshima, waliisoma aya hiyo kama pongezi kwa mtu aliyefanya kazi kwa bidii maisha yake yote. Maandishi hayakubadilika, neno lilibadilika chini yao.

Ukichimba zaidi ya hapo unafika kwenye mzizi wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya ambao wanaisimu huuandika takriban "orbh". Maana yake ilikuwa kuachwa, kubaki bila mwenyewe. Kigiriki kiliupokea kikapata "orphanos", yatima, na Kiingereza kikalichukua neno hilo kuwa "orphan". Kiarmenia kina "orb", yatima pia. Kijerumani kina "Erbe", urithi, yaani kile kinachobaki mzazi anapokufa. Na Kislavi kina "rab", mtumwa. Uhusiano wake unaeleweka ukiutazama kwa macho ya jamii ya kale: mtoto aliyefiwa na wazazi, asiye na ukoo wa kumsemea, anaishia kwenye boma la mtu mwingine akichunga, akikata kuni, akilala jikoni. Kazi yake haina malipo na hana pa kuikatalia. Hivyo yatima, mtumwa na kazi yakawa maneno ya nyumba moja. Kwa Kirusi kazi ni "rabota", na mtoto mdogo, "rebyonok", naye anatoka kwenye mzizi huohuo.

Waukraine wanatumia "robota" kwa kazi yoyote bila kinyongo. Wacheki hawakuweza. Kwao "robota" ilibaki jina la siku ambazo mkulima asiye huru alilazimika kwenda kulima shamba la bwana, na ng'ombe wake na jembe lake, kabla hajagusa shamba lake mwenyewe. Mwaka 1775, baada ya wakulima wa Bohemia, nchi ya Wacheki iliyokuwa chini ya Austria, kuasi, Malkia Maria Theresa alitoa amri ya kuiwekea mipaka: isizidi siku tatu kwa wiki. Siku tatu kati ya saba, na hiyo ndiyo ilikuwa nafuu. Utaratibu huo ulifutwa katika milki ya Austria mwaka 1848, kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na Wacheki ambao babu na bibi zao walikuwa wameutumikia.

Hapo ndipo anapoingia mwandishi Karel Čapek. Mwaka 1920 alichapisha tamthilia kuhusu kiwanda kinachotengeneza watu bandia wa kufanya kazi zote za wanadamu, na alikuwa anatafuta jina la viumbe hao. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuchukua neno la Kilatini, "labor", lakini aliliona kavu, la vitabuni. Alimweleza kaka yake Josef, mchoraji, ambaye alikuwa kazini na brashi mdomoni, na Josef akamjibu awaite basi "roboti". Karel mwenyewe aliandika baadaye kwamba neno hilo ni la kaka yake. Tamthilia ikaonyeshwa Prague mwaka 1921, ikatafsiriwa upesi, na neno likazunguka dunia hadi likafika kwetu karibu bila kubadilika sauti. Roboti wa Čapek hawakuwa wa chuma. Walikuwa na nyama na ngozi, ungeweza kuwadhania ni binadamu, na kosa la waliowatengeneza lilikuwa kuwaondolea kila kitu isipokuwa uwezo wa kufanya kazi. Kwa Mcheki aliyeketi ukumbini mwaka 1921, jina hilo halikusikika kama teknolojia. Lilisikika kama babu yake.

Kwa Wagiriki wa leo mambo yako wazi zaidi. Neno lao la kila siku la kazi ni "douliá". Ukiupeleka mkazo silabi moja nyuma, ukasema "doulía", umesema utumwa. Yalikuwa neno moja, kutoka "doulos", mtumwa, lilelile analolitumia Mtume Paulo anapojitambulisha kwa Warumi kuwa mtumwa wa Kristo Yesu. Mkazo tu ndio unaomtenganisha anayekwenda kazini na aliyefungwa minyororo.

Mpaka hapa nimeeleza upande wa mgongo ulioinama. Sasa twende upande wa mikono inayounda kitu.

Wagiriki wa kale walikuwa na neno "ergon", na zamani zaidi lilitamkwa "wergon". Hilo ni ndugu wa damu wa "work" ya Kiingereza na "Werk" ya Kijerumani. "Ergon" ni kazi iliyofanyika, kazi inayoonekana: nyumba, shamba lililolimwa, kitambaa kilichofumwa. Ukoo wake ni mkubwa ajabu, na baadhi ya wanaukoo wanaishi nasi bila kujulikana. Mkulima aliitwa "georgos", mfanya kazi ya ardhi, na kila Joji aliyebatizwa Afrika Mashariki anabeba maana hiyo. Daktari wa upasuaji aliitwa "kheirourgos", mfanya kazi kwa mikono, na Wafaransa bado wanamwita "chirurgien". Aristotle aliunda neno "energeia", hali ya kitu kuwa kazini, ambalo leo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa nishati. Mwaka 1894 wanasayansi Rayleigh na Ramsay waligundua gesi iliyomo hewani, karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta, isiyotaka kuungana na kitu chochote. Wakaiita argoni, kutoka "argos", asiye na kazi. Mwaka 1906 daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, alitafuta jina la miili inayopokea vitu kwa namna tofauti na ilivyotarajiwa, akaunganisha "allos", nyingine, na "ergon". Ndiyo aleji.

Liturujia, neno jingine la ukoo huu, inastahili maneno zaidi. Mkatoliki anapoisikia kanisani anafikiria misa, altare na kalenda ya sikukuu. Huko Athens "leitourgia" ilikuwa kazi ya umma, na aliyeifanya alikuwa tajiri. Mji haukumtoza kodi ya kawaida. Ulimwambia mwaka huu gharama za manowari moja ni zako, au ulishe na kuvalisha waimbaji wa sikukuu. Alifanya hivyo kwa fedha zake na jina lake likatajwa mbele za watu. Wayahudi waliotafsiri Biblia kwa Kigiriki wakalitumia neno hilo kwa huduma ya makuhani hekaluni, na Wakristo wakalirithi. Linganisha sasa: kazi ya tajiri kwa mji wake ikaitwa kwa ukoo wa "ergon" na ikafika altareni. Kazi ya mtumwa wake jikoni ikaitwa kwa jina la utumwa.

Kilatini nacho kilikuwa na ndugu wa maana hiyo, "opus", kazi iliyokamilika, na "opera", jitihada ya kuikamilisha. Muziki wa jukwaani wa Kiitaliano umetoka hapo, "obrero" wa Kihispania na "ouvrier" wa Kifaransa, yaani mfanyakazi wa mikono, wametoka hapo, na hata "obair" ya Kiairishi. Kwetu zimefika mbili. Operesheni, iwe ya daktari chumba cha upasuaji au ya serikali kama Operesheni Vijiji ya Tanzania miaka ya 1970, ni "opera". Na ofisi ni "officium", ambayo ilianza kama muungano wa "opus" na "facere", kufanya: mahali pa wajibu wa kutenda.

Wafaransa wenyewe wameanza kulisahau tawi hili. Siku za kazi kisheria wanaziita "jours ouvrables", na wengi wanadhani ni siku ambazo maduka hufunguliwa, kwa kuwa "ouvrir" ni kufungua. La, ni "ouvrer", kile kitenzi cha zamani cha kufanya kazi kilichosukumwa nje na "travailler", kikiwa kimejificha ndani ya sheria za ajira.

Mwanafalsafa Hannah Arendt aliliona jambo hili na kulijengea hoja katika kitabu alichokichapisha mwaka 1958. Alionyesha kwamba lugha hizi zimeshika maneno mawili mawili: Kigiriki "ponein" na "ergazesthai", Kilatini "laborare" na "facere", Kifaransa "travailler" na "ouvrer", Kijerumani "arbeiten" na "werken". Neno la kwanza la kila jozi ni la mwili unaochoka kwa kazi isiyoisha, kupika leo ili upike tena kesho. La pili ni la kitu kinachobaki baada ya mtendaji kuondoka. Nakubaliana na uchunguzi wake, ila naongeza kwamba jozi hizo hazikugawanywa na falsafa peke yake. Zilifuata tabaka. Fundi mwenye chama chake mjini alikuwa na kazi yenye jina. Kijakazi na mkulima asiye huru walikuwa na uchovu. Na kwa kuwa wao ndio waliokuwa wengi, neno lao ndilo lililoenea hadi likawa la wote. Kiingereza kilikwenda kinyume: "work" ya ukoo wa "ergon" ndiyo ikabaki ya kila siku, na "labour" ikapewa wanawake wanaojifungua na vyama vya wafanyakazi.

Vyama hivyo ndivyo vilivyoyageuza maneno haya uso. Wafaransa walipoandamana mwaka 1848 walidai "droit au travail", haki ya kazi, wakilitaja kwa fahari neno ambalo mababu zao walilitumia kwa mateso. Mwanasiasa Ferdinand Lassalle alipoanzisha chama cha wafanyakazi wa Kijerumani mwaka 1863, aliliweka "Arbeiter" kwenye jina lake. Katika karne chache tu, jina la dhiki likawa jina la kudaia haki.

Mkutano wa amani uliofanyika Paris mwaka 1919 ukaunda chombo cha kimataifa cha kusimamia haki hizo, kile ambacho sisi tunakiita Shirika la Kazi Duniani. Kila taifa lilikiandika kwa lugha yake. Kwa Kiingereza kuna "Labour", kwa Kifaransa "Travail", kwa Kihispania "Trabajo", kwa Kijerumani "Arbeit". Waromania wana "Muncii", na Warusi "truda", kutoka "trud", kazi ngumu, ambalo limezaa pia "trudno", vigumu. Kuyumba, mateso, uyatima, ugumu, vyote vimekutana katika majina ya shirika moja lenye makao yake Geneva. Lakini kwenye majina hayohayo kuna neno la pili, la shirika lenyewe: "Organization", "Organisation", "Organización", "Organizatsiya". Hilo limetoka kwa "organon", chombo cha kufanyia kazi, mtoto halali wa "ergon". Kigiriki peke yake ndicho kilichoacha "douliá" nje ya mlango. Kwa Kigiriki shirika hilo ni "Diethnís Orgánosi Ergasías", na maneno yake yote mawili, la shirika na la kazi, ni ya ukoo wa mikono inayounda.